Kansa gani, na imefika wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu aina na hatua za saratani

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya saratani. Nje ya mlango wetu kuna benchi refu la mbao, na wengi wanaokaa hapo wamesafiri usiku kucha kutoka mikoani, bahasha ya kaki mapajani, wengine wameiviringisha ndani ya khanga isilowe. Nikipita huniita: "Sista, samahani kidogo." Swali la kwanza karibu siku zote ni moja: "Atapona?"

Nami huomba bahasha kwanza. Jibu la swali lile limo kwenye karatasi mbili. Moja inasema hii ni kansa ya aina gani. Nyingine inasema imefika wapi. Kabla ya kuzisoma hizo mbili, anayekwambia "utapona" na anayekwambia "umekwisha" wote wanabahatisha. Nimeyaandika hapa maswali ninayoulizwa kila wiki, na namna ninavyoyajibu nikipata nafasi ya kukaa. Daktari anayekuona wewe, mwenye vipimo vyako mkononi, ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mwili wako.

Je, kila uvimbe ni kansa?

Hapana, na uvimbe mwingi si kansa. Fibroidi za kizazi si kansa. Uvimbe wa mafuta mgongoni si kansa. Msichana wa miaka 20 anaweza kuwa na kivimbe kwenye titi kinachoponyoka chini ya kidole kama gololi, na mara nyingi kikawa hakina madhara. Kansa ni pale seli zinapovamia nyama ya jirani na kuweza kusafiri kwenda kuota mahali pengine.

Kinachonisumbua ni ile kauli ya "haliumi, basi si kitu." Donge la kansa ya titi mara nyingi haliumi kabisa mwanzoni. Nimewaona kina mama waliokaa nalo mwaka mzima kwa sababu tu halikuwanyima usingizi.

Kwa nini haitoshi kusema "kansa ya titi" au "kansa ya shingo"?

Kwa sababu kiungo kimoja kinaweza kuota kansa ambazo ni tofauti kama paka na chui. Chukua tezi ya shingoni, ile inayovimba watu wakaiita goita. Kuna kansa yake inayoitwa papilari. Mgonjwa wa papilari aliye chini ya miaka 55, hata kama imeshafika mapafuni, kwa utaratibu wa kupanga hatua unaotumika tangu 2018 huhesabiwa kuwa yuko hatua ya pili tu, kwa sababu wagonjwa wa umri huo wengi huishi miaka mingi wakitibiwa. Kwenye tezi hiyohiyo kuna kansa nyingine, anaplastiki. Hiyo huandikwa hatua ya nne tangu siku ya kwanza, hata kama haijatoka nje ya tezi, kwa vile inavyokwenda mbio.

Mfano huo naupenda kwa sababu unaonyesha kwamba namba ya hatua peke yake haikwambii kitu mpaka ujue ni hatua ya nne ya nini.

Aina hujulikana kwa kuchukua kinyama na kukitazama kwa hadubini. Mtaalamu wa patholojia anaangalia seli zimetoka kwenye ngozi ya ndani, kwenye tezi, kwenye mfupa au kwenye damu, kisha kwa baadhi ya kansa anazipaka dawa maalumu kuona zina alama gani juu yake.

Hizi T, N na M kwenye karatasi yangu ni nini?

Ni anwani ya ugonjwa. Utaratibu huu ulibuniwa na daktari mpasuaji wa Ufaransa, Pierre Denoix, kuanzia miaka ya 1940. T ni uvimbe wenyewe na ukubwa wake. N ni mitoki, yaani tezi za limfu za kwapani, shingoni, au za ndani ya nyonga: zimeguswa au hazijaguswa. M ni kama kansa imesafiri mpaka viungo vya mbali kama ini, mapafu, mifupa au ubongo.

Kwa titi, T1 ni uvimbe usiozidi sentimita 2. T2 ni zaidi ya 2 mpaka 5. T3 umepita sentimita 5, yaani umezidi ndimu. T4 umeshika ngozi au ukuta wa kifua, na hapo ndipo unaona kidonda, au ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Herufi hizo zikishajumlishwa ndipo inapatikana hatua, au steji kama wengi tunavyosema: ya kwanza mpaka ya nne.

Ipo pia hatua ya sifuri. Hapo seli zimeharibika lakini bado ziko ndani ya tabaka lao, hazijavamia. Kwenye mlango wa kizazi, mabadiliko yanayotangulia kansa huonekana kwa kupaka siki: nesi anapaka, anasubiri kidogo, na sehemu yenye shida inageuka nyeupe. Inagandishwa au inaunguzwa kwa kifaa, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ningetamani benchi letu liwe la wagonjwa wa namna hiyo tu.

Kansa za damu hazina T wala N, kwa sababu damu haikai mahali pamoja. Hizo hupangwa kwa njia zake.

Daraja na hatua si kitu kimoja?

Watu wengi huzichanganya. Hatua inasema kansa imefika wapi. Daraja linasema seli zina tabia gani zikitazamwa kwa hadubini. Daraja la kwanza, seli bado zinafanana na za kawaida na zinajigawa taratibu. Daraja la tatu zimepotea sura kabisa na zinakwenda kasi. Mtu anaweza kuwa na daraja la tatu na hatua ya kwanza: ugonjwa mkali, lakini umewahiwa. Ukiona "3" kwenye majibu, angalia kwanza ni 3 ya nini kabla hujampigia simu shangazi kumwambia ni steji ya tatu. Hilo limetokea kwetu, na ukoo mzima ulianza kujikusanya.

Mama ana kansa ya mlango wa kizazi. Kwa nini hawamtoi kizazi?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi kuliko yote, na ninalielewa. Kijana mmoja alinisimamisha korido, sauti inatetemeka: "Sista, ugonjwa uko kwenye kizazi, sisi tumekubali kitolewe, hela ya upasuaji tunayo, sasa wanangoja nini?" Mama yake alikuwa hatua ya 2B.

Nilimchorea nyuma ya karatasi. Mlango wa kizazi ni kama shingo ya chupa inayoning'inia ndani ya uke. Kushoto na kulia kwake kuna nyama laini zinazoushikilia kwenye nyonga, na ndani ya nyama hizo inapita mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Hatua ya kwanza, kansa bado imo ndani ya shingo ya chupa. Ikiwa ndogo sana, ya kuonekana kwa hadubini tu, inaweza kutosha kukata kipande chenye umbo la pia, au kutoa kizazi kwa upasuaji wa kawaida. Ikiwa kubwa kidogo, bado ndani ya mlango, mpasuaji aliyesomea kansa za wanawake hutoa kizazi pamoja na nyama za pembeni, sehemu ya juu ya uke na mitoki ya nyonga. Huo si upasuaji wa fibroidi.

Hatua ya 2B maana yake kansa imeshaingia kwenye zile nyama za pembeni. Ukitoa kizazi hapo unaiacha pembezoni, tena kwenye jeraha. Utalazimika kumpiga mionzi juu ya mwili uliokwisha kukatwa, apate madhara ya tiba mbili bila faida ya hata moja kukamilika. Kwa hiyo kuanzia hapo, na hata kwa uvimbe wa sentimita 4 na kuendelea ulio bado ndani ya mlango, tiba inayolenga kuponya ni mionzi ikichanganywa na dawa, kwa kawaida sisplatini mara moja kwa wiki. Mionzi ya nje hupigwa siku tano za wiki, kama mara 25. Kisha inafuata mionzi ya ndani, ambapo kifaa huingizwa mpaka kwenye mlango wa kizazi ili dozi kubwa iguse pale penye ugonjwa na kuacha kibofu na njia ya haja kubwa salama kadiri inavyowezekana. Wapo wanaokwepa ile ya ndani kwa aibu au woga. Tafadhali msiikwepe. Ya nje peke yake haiwezi kufikisha dozi inayohitajika.

Yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane. Kila siku inayoongezeka inaipa kansa nafasi ya kuota tena. Ndiyo maana mgonjwa akiomba ruhusa ya wiki mbili kwenda harusini, nakuwa mkali.

Hatua ya tatu, kansa imeshuka mpaka chini ya uke, au imegusa ukuta wa nyonga, au imebana mrija wa mkojo, au iko kwenye mitoki. Mrija ukibanwa, figo zinajaa. Figo zikijaa, sisplatini haiwezi kutolewa kwa sababu yenyewe inapita huko na inaziumiza. Hapo mtaona madaktari wanaanza kushughulikia figo, wanapitisha mpira mgongoni kutoa mkojo, na ndugu wanalalamika kwamba "kansa hawaitibu." Wanaitibu. Wanafungua njia ya dawa kupita. Vivyo hivyo mkiombwa kuchangia damu: mama ametoka damu miezi, na mionzi hufanya kazi vizuri zaidi mwenye mwili akiwa na damu ya kutosha.

Yule kijana aliuliza swali moja tu baadaye: "Kwa hiyo kutopasua ndiyo kutibu?" Nikamwambia kwa mama yako, ndiyo.

Naongeza hili kwa uchungu. Nimempokea mama aliyetolewa kizazi katika hospitali moja ndogo kwa sababu ya kutokwa damu, bila kuchukuliwa kinyama kabla, na kilichotolewa hakikupelekwa maabara. Alipokuja kwetu hatukuwa na aina wala hatua. Tulianza kutibu gizani. Mtu yeyote akitaka kukutoa kizazi kwa sababu ya damu, muulize kama mlango wa kizazi umekaguliwa na kama kinyama kimepimwa.

Dada yangu na jirani yetu wote wana kansa ya titi hatua ya pili. Mbona dawa zao ni tofauti?

Kwa sababu aina zao ni tofauti, na kwa titi aina huamua dawa kuliko kitu kingine. Kinyama cha titi hupimwa vitu vitatu: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vya projesteroni, na alama inayoitwa HER2.

Vipokezi vya homoni vikiwepo, kansa inakula homoni za mwili, na tunaweza kuinyima chakula. Tamoksifeni ni kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka mitano, wengine mpaka kumi. Ni cha bei nafuu, na hakuna wa kukukumbusha baada ya mwaka wa pili ukiwa umeshanenepa na umesahau. Wengi hukiacha hapo. HER2 ikiwepo, iko dawa ya trastuzumabu, ambayo kwa kawaida hutolewa mwaka mmoja kwa sindano. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, ingawa bei yake bado inawaliza watu. Vyote vitatu vikikosekana, huitwa hasi-tatu. Hiyo vidonge vya homoni haviisaidii. Nguzo yake ni kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, pamoja na upasuaji.

Hatua nayo inaamua mpangilio. Uvimbe mdogo unaweza kuondolewa peke yake titi likabaki, mradi mionzi ifuate. Uvimbe ulioshika ngozi mara nyingi huanzishiwa kemo kwanza mpaka usinyae, ndipo kisu. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa "upasuaji baadaye," asidhani ametelekezwa.

Majibu yenu yakisema tu "kansa ya titi" bila kutaja vipokezi, rudini mkaulize. Na wanaume, titi mnalo ninyi pia. Nimehudumia baba wawili.

Mtoto wangu amevimba taya, wanasema imefika hatua ya juu. Nimpeleke au nimwache apumzike?

Mpeleke leo. Naandika kama ninavyomwambia mzazi aliye mbele yangu.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye taya zilizovimba namna isiyo ya kawaida. Ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt, na unaonekana zaidi sehemu zenye malaria nyingi, ukanda wa Ziwa Victoria ukiwemo. Ni moja ya kansa zinazokua haraka kuliko zote za binadamu: inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jumatatu jino linalegea, wiki inayofuata jicho limesukumwa nje.

Lakini kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Dawa nyingi za kemo hushika seli wakati zinajigawa, na hizi zinajigawa mchana na usiku. Nimeona taya likinywea ndani ya siku chache za dripu za mwanzo, mtoto akaomba uji. Linavyoyeyuka haraka hivyo, takataka zake zinaweza kuzidi figo, ndiyo sababu mtoto hupewa maji mengi ya mishipani kabla na wakati wa dawa. Hata aliyekutwa na hatua ya juu hutibiwa kwa nia ya kumponya.

Watoto wana kansa zao, na kwa nyingi kati ya hizo nafasi ya kupona ni kubwa kuliko ya watu wazima. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, kama jicho la paka usiku, ipelekwe kwa daktari wa macho bila kusubiri. Inaweza kuwa kansa ya jicho. Ikiwahiwa ikiwa bado ndani ya jicho, kwa kawaida mtoto huishi.

Hatua ya nne ni hukumu ya kifo?

Kwa kansa nyingi za watu wazima, hatua ya nne maana yake lengo linabadilika: kurefusha maisha na kuyafanya yawe ya kuishika, zaidi ya kuiondoa kansa yote. Sitakudanganya kuhusu hilo. Lakini kuna tofauti kubwa ndani ya hiyo "nne." Kansa ya titi yenye vipokezi vya homoni iliyofika kwenye mifupa, mwenye nayo anaweza kuishi miaka kadhaa, anapika, anasali, anagombana na wakwe. Kansa ya kongosho iliyofika kwenye ini huwa na muda mfupi.

Kisha zipo zinazovunja kanuni. Kansa ya korodani haina hata hatua ya nne kwenye vitabu, huishia ya tatu, kwa kuwa hata ikisambaa wengi huponywa. Mwendesha baiskeli Mmarekani Lance Armstrong aligunduliwa mwaka 1996 ikiwa imefika mapafuni na kwenye ubongo, akapona. Na kansa ya Kaposi kwa mwenye VVU, ikiwa bado ni madoa ya ngozi, wakati mwingine husinyaa kwa ARV tu.

Tiba ya kupunguza maumivu ni tiba. Mionzi ya mara moja tu kwenye mfupa unaouma inaweza kumrudishia mtu usingizi. Mofini ya kunywa, ile ya maji, ikitolewa kwa kipimo sahihi haimfanyi mgonjwa teja wala haimharakishi kufa. Inaniumiza kuona familia inaificha kabatini ikisubiri "azidiwe kwanza."

Daktari alitaja asilimia. Nizielewaje?

Takwimu nyingi zinazotajwa ni za Marekani, na hupima walio hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Kwa kansa ya mlango wa kizazi, ikiwa bado mahali pake, ni takriban 91 kati ya 100. Ikiwa imefika jirani au kwenye mitoki, takriban 60. Ikiwa imekwenda mbali, takriban 19 au 20. Kwa titi, ikiwa mahali pake ni karibu 99, na ikishafika mbali ni kama 30.

Angalia pengo hilo. Mwanamke yuleyule, kansa ileile, kinachotofautisha ni lini alifika.

Miaka mitano haimaanishi kwamba mtu hufa mwaka wa sita. Ni kipimo tu cha kulinganishia. Na ukisikia "wastani wa miezi kumi," kwa kawaida maana yake nusu ya wagonjwa walipita hapo. Hakuna aliyekuhesabia wewe siku zako. Kingine, namba za Marekani ni za nchi ambako wengi humaliza tiba yao. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa wa titi akamilishe uchunguzi ndani ya siku 60 tangu afike kituoni na angalau 80 kati ya 100 wamalize tiba yote. Kwa hapa kwetu, kumaliza ndiyo vita. Dozi ya nne mgonjwa anajisikia nafuu, nauli imeisha, anabaki kijijini.

Baba na jirani yetu wana kansa ya tezi dume. Mmoja ameambiwa asubiri, mwingine ameambiwa atolewe korodani. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Kansa ya tezi dume hupewa alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa seli zikitazamwa kwa hadubini. Sita ni ya upole. Mzee mwenye sita, ugonjwa uko ndani ya tezi, anaweza kufuatiliwa tu kwa kipimo cha damu cha PSA na kuchunguzwa mara kwa mara, asipewe madhara ya tiba asiyoihitaji. Nane mpaka kumi ni kali. Ikishafika kwenye mifupa, kinachoilisha ni homoni ya kiume, na karibu yote hutoka kwenye korodani. Kuzitoa, au kuchoma sindano zinazozima kazi yake, ni kuikatia chakula. Wazee wengi huona ni kudhalilishwa, na mazungumzo hayo yafanyike kwa faragha na kwa heshima, mke akiwepo kama mzee anataka. Sindano ipo, ila hurudiwa na ina gharama.

Jambo moja la dharura: mzee mwenye kansa hii akianza kusema miguu imekufa ganzi, inalegea, au mkojo hautoki, aende hospitali usiku huohuo. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na akishapooza ni nadra kutembea tena.

Je, kukata kinyama kunaisambaza kansa?

Imani hii imewachelewesha wengi. Kwa kansa za kawaida, kuchukua kinyama hakubadilishi hatua. Kinachotokea ni kwamba watu huja wamechelewa, wanapimwa, na wiki chache baadaye hali inaharibika kama ilivyokuwa iharibike. Lawama inaangukia sindano.

Zipo chache ambazo wataalamu hawazichomi ovyo. Donge la korodani halichomwi kupitia mfuko wake. Korodani hutolewa nzima kupitia kinenani. Jicho la mtoto lenye uvimbe halichomwi. Huo ni ujuzi wao wa kazi, na ni sababu nyingine ya kwenda kwa anayezijua kansa.

Hatua ya pili inaweza kugeuka ya tatu?

Hatua huandikwa mara moja, pale unapogunduliwa, na haifutwi. Kansa ikirudi baada ya miaka, itaitwa kansa ya titi ya hatua ya pili iliyorudi, pengine iliyosambaa kwenye mfupa. Na iliyoko kwenye mfupa bado ni kansa ya titi. Itatibiwa kwa dawa za titi. Ila ukweli wa mwilini hausubiri maandishi: uliyekutwa na hatua ya pili mwezi wa tatu ukaenda kunywa dawa za mizizi mpaka mwezi wa kumi, utapimwa upya.

Majibu ya kinyama yanachukua wiki. Kwa nini, na sisi tufanye nini?

Kinyama kikitoka mwilini hutumbukizwa kwenye formalini ili kisioze. Kisha hukaushwa, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, ndipo husomwa. Kwa titi, vile vipimo vya vipokezi huongeza siku, na kinyama kilichokaa muda mrefu bila formalini kinaweza kutoa majibu ya uongo.

Mara nyingi ndugu ndiye anayebeba chupa kwenda maabara. Basi tazama. Kinyama kizame chote kwenye maji ya dawa. Kisitiwe kwenye maji ya bomba wala spiriti. Jina liwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Iwe na fomu yenye tarehe na mahali kilipokatwa. Kipeleke siku hiyohiyo, na uondoke na namba ya kumbukumbu.

Kile kipande cha nta hakitupwi. Maabara hukitunza, na ni cha thamani. Mwaka jana alikuja mama aliyepimwa titi kwenye mji mwingine, majibu hayana vipokezi, na alikuwa anatetemeka akidhani atachomwa tena. Mwanawe alipanda basi na barua ya daktari, akaenda kuomba nta ya mama yake. Akarudi nayo siku ya tatu kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa karatasi, kipande kidogo cha kutosha kiganjani. Wiki mbili baadaye tulijua vipokezi vipo, na mama akaanza kidonge chake.